Kompyuta yazima ghafla nikiwasha skrini ya pili, na fundi ataka nibadilishe kadi ya grafiki. Msaada wadau

saiba_majengo
Habari za humu wadau. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa tena maana nishatoa mpaka nimechoka. Nina saiba hapa Majengo, Mombasa, kazi ni kuprinti, fotokopi, picha za paspoti, kujazia watu ritani za kodi za KRA na mambo ya eCitizen. Mashine ninayoitegemea ni HP ex-UK (iliyotumika Uingereza kwanza) ile ya mnara, Core i5, ramu 16, ina kadi ya grafiki GTX 1050 Ti. Niko na skrini mbili, moja yangu na ya pili nimeigeuzia mteja ajisomee mwenyewe jina lake na namba ya kitambulisho kabla sijatuma, kwa sababu herufi moja ikikosewa pale mtu aanza kuzungushwa na mi ndo nalaumiwa.

Sasa shida ni hii. Skrini ya mteja ikiwa imezimwa kabisa mashine yapiga kazi kutwa bila neno. Nikiiwasha tu, au ikiwa imelala nikatikisa mausi iamke, skrini zote mbili zaingia giza, feni zaendelea kuzunguka, nabonyeza Caps Lock taa yake haibadiliki, halafu baada ya muda yajiwasha upya yenyewe. Na kuna siku haijiwashi, nabonyeza swichi kimya, mpaka nichomoe waya zote nyuma niiache kidogo ndo yakubali. Juzi kuna mama katoka Kisauni na watoto wawili, nimemjazia fomu ya cheti cha kuzaliwa tumefika karibu na mwisho, namwashia skrini asome, pap, giza. Alikaa tukaanza upya bila kulalamika lakini mi roho iliniuma sana.

Fundi wa kwanza alipiga Windows upya. Wa pili akauza ramu. Wa tatu ashaikagua yuwasema kadi ya grafiki imekufa niagize nyingine. Kabla sijaagiza nauliza, kadi iliyokufa yaweza kufanya kazi kutwa na skrini moja? Kwa zile waya za picha, skrini yangu iko kwa HDMI, ya mteja iko kwa DisplayPort.

kijana_tudor
Pole dada. Mi naona hiyo ni draiva, ile programu ya kuendesha kadi. Ukipiga Windows upya yenyewe hujiletea draiva yake ya NVIDIA na si lazima iwe inayofaa. Shusha programu ya DDU, ingia safe mode, futa draiva yote, halafu weka mpya kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe. Na jambo lingine, siku ikiingia giza kabla hujakata stima bonyeza Windows + Ctrl + Shift + B kwa pamoja, hiyo yaanzisha upya draiva ya skrini, ukisikia mlio mfupi na picha ikarudi jua mashine ilikuwa hai, ni picha tu iliyopotea. Kazi yako yaweza kuokoka hapo.

likoni_kwetu
Mi nasema pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha mashine umeme. Hizi ex-UK za ofisini zilikuja na pawa saplai ya kukadiria, haikupangiwa kadi ya grafiki. 1050 Ti yala mpaka wati 75 na nyingi zavuta zote kwenye sloti ya bodi. Ukiwasha skrini ya pili kadi yaamka, yavuta zaidi, pawa yashindwa. Angalia kibandiko cha pawa saplai kimeandikwa wati ngapi.

saiba_majengo
@kijana_tudor draiva nishafanya hivyo mara ya kwanza kabisa, nikafuta nikaweka mpya, mambo yale yale. Hiyo ya kubonyeza vitufe vinne ntaijaribu ikizima tena. @likoni_kwetu kibandiko chaandika 320W. Na tena mwanangu akija jioni huchezea mpira humo kwa skrini moja, feni ya kadi yapiga kelele kabisa na haizimi.

fundi_bondeni
Salaam aleikum. Dada yangu, hilo la mwanao kucheza mpira ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya mafundi wote watatu, hebu tulishike hilo. Kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote na skrini moja bila kuzima, basi kadi yenyewe, ramu na pawa saplai zote zishajitetea kwa kiasi kikubwa. Wati 320 kwa i5 na 1050 Ti zatosha. Sisemi hazina makosa kabisa lakini si pa kuanzia.

Nataka unijibu haya, taratibu tu ukipata nafasi.

Kwanza bonyeza kitufe cha Windows andika Event Viewer, ingia Windows Logs halafu System, tazama alama nyekundu za saa ile iliyozima. Utaona Kernel-Power 41. Usitishike na hiyo na usikubali mtu akwambie 41 maana yake pawa saplai imekufa. 41 yasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, haisemi nani aliizima. Ukikata stima ukutani pia utaandikiwa 41. Ninachotaka ni kilichotangulia, hapo chini yake kidogo. Kama kuna 4101 iliyoandikwa Display, hiyo yasema kadi iliulizwa na Windows haikujibu. Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu, ikikaa kimya zaidi ya hapo yaiamsha kwa nguvu, ikishindwa kuamka ndo skrini ya buluu au giza.

Pili, nani aliuza hiyo waya ya DisplayPort, ilikuja na skrini au ilinunuliwa kando? Usimtaje duka, nataka kujua tu kama ni ya kampuni ya skrini au ni ya kununua.

Tatu, na hii ndo muhimu, siku ile yakataa kuwaka mpaka uchomoe waya zote, ulipochomoa waya ya stima ya mashine peke yake ilitosha, au ilibidi uchomoe na za skrini?

saiba_majengo
Aleikum salaam mzee, asante sana kwa kunijibu kwa urefu. Nimetazama, 41 zimejaa. 4101 zipo chache, na zote ni saa za kazi, wakati niko na mteja. Waya ya DisplayPort ilinunuliwa kando, skrini nilinunua iliyotumika na ilikuja na waya ya VGA pekee. Hilo la tatu sikumbuki vizuri mimi huchomoa zote tu.

fundi_bondeni
Sawa. Basi duka likifungwa leo au asubuhi kabla ya wateja fanya jaribio hili. Kanuni ni moja, badilisha kitu kimoja tu, jaribu, halafu rudisha, ndo ubadilishe kingine. Mafundi wengi hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, tatizo likiondoka hawajui lilikuwa wapi na mteja alipia vyote vitatu.

Anza hivi, skrini ya mteja peke yake kwa waya ya HDMI ile uitumiayo wewe, ya kwako iache bila kuunganishwa. Izime na uiwashe kwa kitufe chake, iache ilale iamke. Ikiwa salama, skrini haina kosa. Halafu chukua skrini yako sasa, iunganishe kwa ile waya ya DisplayPort ikiwa yapokea, fanya vile vile. Kosa likihama na waya, mwizi ni waya au tundu la kadi. Kosa likibaki na skrini ya mteja kwa waya yoyote, mwizi ni skrini.

Na jaribio la mwisho. Zima mashine kwa utaratibu. Acha waya ya DisplayPort imechomekwa na skrini ya mteja imewashwa. Chomoa waya ya stima ya mashine ukutani kabisa, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe, subiri kama dakika mbili. Halafu fungua ubavu wa mashine utazame bodi. Kuna kitaa kinawaka popote? Feni ya kadi yatikisika? Usiguse kitu, tazama tu uniambie.

kijana_tudor
Mzee hapo mwisho sijakuelewa. Mashine imechomolewa ukutani taa itawaka kwa umeme gani?

fundi_bondeni
Subiri kijana, acha atazame kwanza, nisije nikamwekea jibu mdomoni.

nyali_hesabu
Wakati twangoja naongeza kisa changu huenda kikasaidia mtu. Ofisini skrini yangu ilikuwa yaingia giza sekunde mbili tatu halafu yarudi, na ilikuwa kila nikiinuka kitini. Nilidhani ni bahati mbaya mpaka nikaanza kuhesabu. Kumbe hivi viti vya ofisi vya gesi, vile vyapanda na kushuka, ukiinuka ghafla vyatoa cheche ndogo ya umeme tuli na mawimbi yake huingia kwa waya ya picha kama waya haina kinga nzuri. Kampuni ya DisplayLink imeliandika jambo hili waziwazi kwenye kurasa zao za msaada kwa hivyo si uchawi. Nilibadilisha waya nikaweka fupi, nene, yenye kile kidonge cheusi cha feraiti mwishoni, na limekwisha. Kwa hivyo waya ya skrini si kitu cha kudharau.

likoni_kwetu
Mashallah hiyo mpya kwangu. Na mi ofisini kuna mtu asema skrini yake yaona aibu akiinuka, kumbe.

saiba_majengo
Mzee nimerudi. Nimefanya jana usiku baada ya kufunga, mwanangu akinishikia tochi ya simu.

Skrini ya mteja kwa HDMI, safi kabisa, nimeizima nimeiwasha mpaka nikachoka, mashine haikutikisika. Skrini yangu kwa waya ile ya DisplayPort, kuizima na kuiwasha, giza. Hapo nikabonyeza vile vitufe vinne vya @kijana_tudor, hakuna mlio, hakuna kitu.

Halafu lile la mwisho. Nimechomoa ukutani, nimebonyeza swichi, tumengoja. Tumefungua ubavu, na ndani kuna kitaa kidogo cha kijani kwa bodi kinawaka. Hafifu lakini kinawaka. Mwanangu alisema mama hii haiko kwa stima. Nikachomoa ile waya ya DisplayPort kwa nyuma, kikazima papo hapo. Nikarudisha, kikawaka. Nimeshikwa na baridi, hebu niambie ni kitu gani hiki.

fundi_bondeni
Hapo dada tushafika. Usiagize kadi. Mwambie fundi wa tatu asante.

Haya @kijana_tudor sikiliza na wewe ndugu yangu, umeuliza swali la maana. Tundu la DisplayPort lina pini 20. Nyingi ni za picha na sauti. Pini ya 20 ni ya umeme, yatoa volti 3.3 na yaweza kutoa mpaka miliampia 500. Iliwekwa kwa ajili ya vile viadapta vidogo vya kugeuza DisplayPort kuwa HDMI au VGA, vipate umeme wao bila kuchomekwa ukutani. Sasa mashine inayo hiyo pini na yatoa umeme. Skrini nayo inayo hiyo pini, upande wake, na yenyewe pia yatoa umeme. Kwa hivyo VESA, ndo shirika lenye kutunga kanuni za DisplayPort tangu 2006, likasema waya ya kawaida ya kutoka mashine hadi skrini isiunganishe pini ya 20 na pini ya 20. Ndani ya waya pale pawe patupu.

Watengenezaji wengine wa waya za bei rahisi hawafuati, wanaunganisha pini zote 20 moja kwa moja. Ukiitumia hiyo, skrini yamwaga volti 3.3 zake ndani ya kadi yako, kadi yaipeleka kwa bodi, kama tangi la jirani lenye presha kubwa linalosukuma maji kurudi kwa bomba lako. Mashine ikiwa imezimwa bodi yapata umeme nusunusu, hailali wala haiamki, ndo maana siku zingine wabonyeza swichi kimya. Mashine ikiwa imewaka, wewe ukiwasha skrini au ikiamka usingizini, umeme wake waingia ghafla kupitia njia isiyo yake, kadi yachanganyikiwa, Windows yauliza haijibiwi, giza. Na ndo maana skrini ikizimwa kabisa wafanya kazi kutwa bila neno.

Hiki ni kitu chaniuma sana katika kazi hii. Nimeona watu wamebadilishiwa bodi nzima, mashine nzima, na waya ile ile ikachomekwa kwa mashine mpya. Fundi haiangalii kwa sababu picha yaonekana vizuri na waya yenye picha nzuri yaitwa nzima.

kijana_tudor
Lahaula. Mzee mi nimecheza michezo miaka yote hii sikujua waya ya skrini yaweza kuleta umeme kinyume. Swali, nimeona mahali watu wanafunika hiyo pini ya 20 kwa kipande cha selotepu, yafaa?

fundi_bondeni
Yafanya kazi lakini simshauri mtu wa saiba. Kipande cha tepu ni chembamba, kwa joto la Mombasa gundi yalainika, ukichomoa waya tepu yabaki ndani ya tundu la kadi na sasa una tatizo lingine. Afadhali waya sahihi. Waulize waya iliyothibitishwa na VESA, au ile iliyokuja na skrini kutoka kampuni kubwa. Na waya fupi yatosha, mita moja na nusu au mbili, usinunue ya mita tano kwa meza ya mita moja.

Kama kuna fundi mwenye multimita hapo jirani aweza kukuthibitishia kabla hujalipa. Aweke mita kwa mlio, ashike pini ya 20 upande huu na pini ya 20 upande ule. Ikilia, irudishe kwa muuzaji. Isipolia, ndiyo. Pini ni ndogo kwa hivyo ataka sindano nyembamba na mkono mtulivu. Ile yako ya zamani mpe aijaribu kwanza, mtaona italia.

Halafu dada swali la mwisho, ukigusa kasha la mashine kwa mkono mtupu, hasa umevaa ndara au uko peku, wasikia chochote?

saiba_majengo
Mzee kwani una kamera dukani kwangu? Ndio, mara nyingi kwa nyuma pale kwenye chuma yanichoma kidogo, si shoti kubwa, ni kama inatetemeka kwa vidole. Nimezoea. Nilidhani ni kawaida ya kompyuta.

fundi_bondeni
Si kawaida na usizoee, na zaidi kwa sababu wateja na watoto waegemea meza hiyo. Hiyo yasema mashine yako haina athi, ile waya ya kushusha umeme ardhini. Pawa saplai za kompyuta zina kapasita za kuchuja kelele za umeme, zimeunganishwa na kasha. Athi ikiwepo, kile kiumeme kidogo chashuka ardhini. Athi isipokuwepo kasha laelea, ukipima kwa multimita waweza kukuta karibu nusu ya ile 240 ya ukutani. Ampia zake ni ndogo mno ndo maana wasikia kutetemeka tu. Lakini ukichomeka waya ya HDMI au DisplayPort wakati vyote vimewaka, na skrini iko na umeme wake na mashine iko na wake, hiyo tofauti yote yapita kwa kile kijitundu. Matundu mengi ya HDMI hufa hivyo, hasa za runinga na dekoda.

Fanya hivi. Chukua plagi ya ekstensheni yako, ikiwa haijachomekwa, fungua skrubu. Ndani nataka uone waya tatu, kahawia, buluu, na kijani yenye mstari wa njano. Hiyo ya tatu ndo athi.

pwani_elektroniki
Nakazia hapo kwa mzee. Ekstensheni nyingi za mitaani zina matundu matatu kwa nje lakini ndani waya ni mbili. Yaani tundu la athi ni pambo tu. Na kuna ile tabia ya kuingiza plagi ya pini mbili kwa soketi yetu ya pini tatu, mtu asukuma kile kifuniko cha juu kwa kalamu ya biki. Kifaa chawaka, basi ameridhika. Plagi za pini tatu zilizokuja na mashine za ex-UK zina athi na fyuzi ndani, usizikate kamwe ati ili ziingie kwa ekstensheni ndogo.

Na kitu kingine cha huku kwetu, hewa ya bahari. Kama duka lako madirisha yako wazi upande wa upepo, pini za kadi na za waya zapata ukungu wa chumvi, waziona zimefifia zina madoa ya kijani. Zima yote, chomoa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa rabba safi ya penseli polepole, halafu kitambaa na spiriti kidogo, iachie ikauke. Nimefufua mashine nyingi za Mji wa Kale kwa hivyo tu, hasa baada ya mvua za masika.

saiba_majengo
Nimefungua ekstensheni. Waya mbili. Kahawia na buluu, tundu la tatu halijafungwa kitu. Na mi niliinunua kwa sababu ilionekana nene. Hapa ndo nachomeka mashine, skrini zote mbili, printa na laminata.

fundi_bondeni
Laminata iondoe hapo leo leo, hiyo yavuta umeme mwingi wa kupasha moto, ipe soketi yake ya ukutani. Nunua ekstensheni yenye waya tatu kweli, mwambie muuzaji afungue plagi uone, akikataa nenda duka la pili. Halafu mwite fundi wa stima mwenye leseni apime soketi ya ukuta, kwa sababu ekstensheni nzuri kwa ukuta usio na athi haisaidii kitu. Apime layini na nyutro, layini na athi, zote mbili zikaribie 240, na nyutro na athi ikaribie sifuri. Majumba ya zamani ya Majengo na Bondeni mengi waya ya athi ilikatika siku nyingi au haikufungwa kamwe. Ikiwa haipo zungumza na mwenye nyumba, hilo si la kuahirisha.

Na kuanzia leo desturi iwe moja. Waya ya skrini haichomekwi wala haichomolewi vitu vikiwa na stima. Zima, chomoa ukutani, unganisha skrubu au kishikio mpaka kiseme tiki, ndo uwashe. Waya ya DisplayPort ina ndoano mbili ndogo, usiivute kwa nguvu, bonyeza kile kitufe juu yake kwanza, wengi huvunja tundu hapo.

saiba_majengo
Wadau narudi na habari. Nimepata waya mpya, fundi wa simu jirani yangu alipima zote mbili mbele yangu. Ya zamani ililia kwa pini ya 20. Mpya kimya. Nimeichomeka kama mzee alivyosema, vyote vikiwa vimetoka ukutani, na nikarudia lile jaribio la kitaa, bodi giza tupu, hakuna kinachowaka.

Tangu hapo skrini ya mteja naizima naiwasha nitakavyo. Imelala ikaamka mchana kutwa. Mashine haijazima. Na ya ukutani, fundi wa stima alikuta soketi mbili zina athi na moja haina, amenihamishia meza upande wenye athi mpaka arekebishe ile nyingine, na lile kutetemeka kwa vidole limekwisha. Yule mama wa Kisauni alirudi kuchukua karatasi zake nikamwonyesha skrini, akasoma majina ya watoto wote wawili bila shida.

@fundi_bondeni Mungu akuzidishie mzee wangu. Kadi ya grafiki ni ile ile, ramu ile ile. @kijana_tudor @likoni_kwetu @pwani_elektroniki @nyali_hesabu asanteni sana, hakuna aliyenidharau.

likoni_kwetu
Alhamdulillah. Mi nilikuwa nimeng'ang'ania pawa saplai, leo nimejifunza. Waya zote za ofisini kesho nazipima.

mikindani_mdau
Uzi mzuri sana huu. Samahani naingilia na shida inayokaribiana. Mi nina Dell OptiPlex 7010, nyuma ina DisplayPort mbili na VGA moja, haina HDMI. Nimenunua adapta ya DisplayPort kwenda HDMI kwa runinga, yafanya kazi. Sasa nimepata laptopu yenye HDMI na skrini yenye DisplayPort peke yake, nikatumia adapta ile ile nikaigeuza, skrini yasema hakuna signali, na mara moja laptopu iliganda. Je, adapta nayo ina ile pini ya 20 mbaya?

fundi_bondeni
Hapana ndugu yangu, hapo ni jambo tofauti. Kwa adapta pini ya 20 ni halali, ndo kazi yake, yachukua umeme wa mashine kujilisha. Shida yako ni mwelekeo. DisplayPort ya Dell yako nyingi huwa na alama ya D na P na jumlisha mbili pembeni, maana yake tundu lile lajua kusema lugha ya HDMI lenyewe, kwa hivyo adapta rahisi yatosha, yabadilisha umbo na volti basi. Kinyume chake hakuna, tundu la HDMI la laptopu halijui kusema DisplayPort kabisa. Wataka adapta yenye chipu ya kutafsiri ndani, iliyoandikwa wazi HDMI kwenda DisplayPort, na nyingi zina kimkia cha USB cha kupata umeme, kwa sababu HDMI yatoa volti 5 zenye ampia kidogo sana, kanuni yadai miliampia 55 tu. Hakikisha hicho kimkia umekichomeka kabla ya kuwasha skrini.

Kama laptopu ina USB-C yenye kutoa picha, afadhali zaidi nunua waya ya USB-C kwenda DisplayPort uachane na adapta. Angalia kama pembeni ya tundu kuna alama ya D na P au ya radi ya Thunderbolt, lakini laptopu zingine hazichorwi alama, kwa hivyo tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni kabla hujanunua. Leta hiyo namba hapa, bila siriyo namba, nitakutazamia.

mikindani_mdau
Shukran mzee. Ni HP ProBook 450 G8, niko nayo hapa.

fundi_bondeni
Hiyo USB-C yake yatoa picha. Chukua waya ya USB-C kwenda DisplayPort, urefu mita moja na nusu hadi mbili, na ile adapta ibakie kwa Dell na runinga.